Sukari ya Mwanariadha, Mbioni na Baada ya Mbio

Siku ya michezo ikifika utaliona jambo hili bila hata kulitafuta. Kabla ya mbio za mita 100 kuanza, wakimbiaji hujipanga karibu na meza ya mwalimu wa michezo, kila mmoja amenyoosha kiganja. Nahodha anawamiminia unga mweupe wa glukosi kutoka kwenye pakiti, nao wanaulamba mpaka midomo inakuwa myeupe pe! Mashabiki nao hawabaki nyuma. Yule asiyekimbia hata kengele ya chakula ikilia, naye yumo kwenye foleni, ati anatafuta nguvu za kushangilia.

Je, unga huo hufanya kazi gani ukishaingia mwilini? Na je, sukari ya mwanariadha ni sawa na sukari ya mtazamaji? Swali hili la pili ndilo kubwa, tena lina mkia mrefu, kwani mwanariadha wa leo ndiye mtazamaji wa kesho.

Kwanza tuijue damu yenyewe. Mtu mzima ana lita tano hivi za damu. Katika damu hiyo yote, sukari inayozunguka ni gramu nne au tano tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Naam, kimoja! Kijiko hicho ndicho kinacholisha ubongo usiku na mchana, na mwili hukilinda kama mlinzi wa lango letu alindavyo lango wiki ya kufunga shule. Madaktari hukipima kwa milimoli katika kila lita ya damu. Asubuhi kabla ya kutia chochote kinywani, mtu mwenye afya huwa na kati ya 3.9 na 5.5 hivi. Akikutwa na 7.0 au zaidi, na kipimo kirudiwe siku nyingine kitoe jibu lile lile, huo ni ugonjwa wa kisukari. Katikati ya namba hizo kuna eneo la mpakani, ambapo mtu hajawa mgonjwa lakini safari ameshaianza.

Kijiko kikipungua hujazwa na ini. Ini huweka akiba ya sukari iliyofungwa pamoja, iitwayo glikojeni, kiasi cha gramu 100 hivi. Misuli nayo ina ghala lake, tena kubwa zaidi, gramu 400 hivi, ila misuli ni michoyo ajabu. Kilichoingia humo hakitoki tena kwenda kusaidia wengine. Msuli wa paja hautaukopesha ubongo hata chembe, ubongo ukizimia na uzimie. Kijiko kikizidi, kwa mfano baada ya mlo, kongosho hutoa homoni ya insulini, nayo hupita ikibisha hodi kwenye milango ya misuli ili sukari iingie. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kongosho limeacha kutengeneza insulini, kwa hivyo hakuna wa kubisha. Kwa mwenye aina ya pili, hodi inabishwa lakini milango imekuwa mizito kufunguka. Kongosho huongeza insulini, huongeza tena, mpaka baada ya miaka lenyewe linachoka.

Sasa hapa ndipo penye siri ya mwanariadha. Msuli unaofanya kazi hujifungulia mlango wenyewe, haungoji kubishiwa hodi. Mtu anapokimbia, insulini yake hushuka, na bado misuli inakula sukari kuliko wakati wowote. Daktari mmoja wa Uingereza, R. D. Lawrence, ambaye mwenyewe aliishi na kisukari, aliandika mwaka wa 1926 kwamba mazoezi huipa insulini nguvu zaidi. Shika jambo hili, mwenzangu, maana mengine yote tutakayoyasema yameegemea hapo.

Turudi kwenye mbio. Mnamo 1924 madaktari wa Boston, Marekani, waliwatoa damu wakimbiaji wa marathoni ya mji huo, ile ile ambayo Ibrahim Hussein wetu aliishinda mwaka wa 1988 akawa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Walikuta kwamba baadhi ya wakimbiaji sukari yao imeshuka mno, na hao ndio waliofika wakiwa hoi, wamesawijika, wanatetemeka, akili zimewaruka. Madaktari waliitambua hali hiyo mara moja. Walikuwa wameiona kwa wagonjwa wa kisukari waliozidishiwa insulini, dawa ambayo wakati huo ilikuwa imetumika kwa miaka miwili hivi tu. Mwaka uliofuata, 1925, wakawashauri wakimbiaji wale wanga kwa wingi kabla ya mbio na watafune peremende njiani. Walifika mwisho wakiwa na sukari yao na akili zao. Tangu siku hizo mkimbiaji wa masafa hatengani na kitu kitamu. Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 na kumaliza marathoni kwa saa 1:59:40, alikuwa akikabidhiwa njiani chupa za kinywaji chenye wanga na mtu aliyepanda baiskeli. Usione vyaelea, vimeundwa.

Lakini marathoni ni kilomita 42. Mita 100 je? Hapa sina budi kumkata nahodha wetu maini. Mbio za sekunde 12 hazina wakati wa kuitumia sukari uliyoilamba dakika tano zilizopita. Nguvu zake zimo tayari ndani ya msuli. Tena mbio za kasi mno hupandisha sukari badala ya kuishusha, kwa sababu homoni ya adrenalini huliamrisha ini limwage akiba. Kwa hivyo mkimbiaji wa mita 100 aliyelamba glukosi ana sukari mara mbili, ya pakiti na ya ini, na hana safari ya kuitumia. Wengine hulamba nusu saa au saa moja kabla ya kukimbia. Hao nao, baadhi yao, insulini hupanda kushughulikia unga, kisha mbio zikianza sukari inashuka ghafla katika dakika za kwanza na miguu inalegea. Si wote, na kwa wengi mwili hujirekebisha, lakini anayejijua hivyo heri ale mapema.

"Mbona basi mimi hupata nguvu nikilamba?" Utaniuliza. Swali zuri, na lina jibu la kuchekesha kidogo. Mwaka wa 2004 watafiti wa Uingereza waliwapa waendesha baiskeli maji yenye wanga, wakawaambia wasukutue na kuyatema. Hawakumeza hata tone. Hata hivyo, katika mashindano ya muda wa saa moja hivi, waliendesha kwa kasi zaidi kuliko waliposukutua maji matupu. Ulimi uliuambia ubongo kwamba chakula kinakuja, nao ubongo ukaachilia breki. Kwa hiyo mtu wa mita 10,000 ana haki ya kusema analisikia jambo. Wa mita 100 anajidanganya tu, na shabiki ndiye kabisa!

Nisije nikaonekana mtu wa kuichukia sukari. Hebu twende katika kambi za Bonde la Ufa, nyumbani kwa mabingwa. Mnamo 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji kumi wa mbio ndefu wa Kenya, na miongoni mwa wachunguzi alikuwa Mkenya mwenzetu, Vincent Onywera. Walipima kila kilichoingia sahanini na kikombeni kwa siku saba. Robo tatu ya nishati ya wakimbiaji hao ilitokana na wanga. Ugali uliongoza kwa kuchangia karibu robo nzima. Na aliyemfuata ugali ni nani? Si maziwa, si maharagwe wala sukumawiki. Ni sukari ya kawaida, ile ya kutia katika chai na uji, iliyochangia moja ya tano ya nishati yote!

Piga hesabu. Walikula karibu kilokalori 3,000 kwa siku. Moja ya tano ni 600. Gramu moja ya sukari hutoa kilokalori nne, kwa hiyo 600 ni gramu 150, nazo ni vijiko 37 hivi vya chai. Kwa siku moja, kwa mtu mwembamba wa kilo 58 hivi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi moja ya kumi ya nishati ya mtu, na ikiwa nusu ya hapo ni vyema zaidi. Mabingwa wetu walikuwa wanakunywa maradufu ya kikomo, na bado ulimwengu mzima ulikuwa unawatazama migongo.

Sukari hiyo ilikwenda wapi? Ilikwenda barabarani. Mtu anayekimbia alfajiri, akakimbia tena saa nne, pengine na jioni pia, misuli yake haina siku inayofunga mlango. Chai ya vijiko vinne ikiingia, kuna ghala tupu linaloingoja. Hata hivyo, uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba walikuwa wanatumia nishati nyingi kuliko waliyoila. Sukari haikupata hata nafasi ya kukaa.

Haya, siku bingwa huyo akitundika viatu? Goti limekataa, au umri umefika, au amepata biashara mjini na gari la kumfikisha. Hapo ndipo mambo yanapogeuka, nami naona hapa hatujawaambia ukweli wa kutosha wanariadha wetu. Miguu hustaafu, ulimi haustaafu. Kikombe ni kile kile, vijiko ni vile vile, sahani ya ugali haijapungua hata tonge. Wazee walisema akiba haiozi. Basi akiba ya mazoezi yaoza, tena upesi! Ule wepesi wa milango ya misuli baada ya zoezi moja hudumu siku moja hadi tatu hivi, kisha hurudi ulipokuwa. Huwezi kukimbia mwaka huu ukauweka wepesi huo benki wa miaka ishirini ijayo.

Mtu atasema, kwani wanariadha wa zamani hawaishi vizuri? Wengi huishi vizuri, na tunajua hivyo kutokana na Wafini, watu wa kuweka kumbukumbu. Waliwafuatilia wanaume walioiwakilisha nchi yao ya Finland katika michezo ya kimataifa kati ya 1920 na 1965, wakawalinganisha na wanaume wa rika lao ambao hawakuwa wanariadha. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2014 yalionyesha kwamba uzeeni wale wanariadha walikuwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili iliyopungua kwa zaidi ya robo. Lakini soma na mstari wa pili: kadiri mzee alivyoendelea kujishughulisha, kutembea, kuteleza kwenye theluji na kadhalika, ndivyo hatari ilivyozidi kupungua. Medali ya zamani pekee haikutosha.

Tena hata anayeendelea na mazoezi hana kinga kamili. Steve Redgrave wa Uingereza alikuwa mpiga makasia. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki Los Angeles 1984, Seoul 1988, Barcelona 1992 na Atlanta 1996. Mwili kama mbuyu, mazoezi kila siku. Mwaka wa 1997 aligunduliwa kuwa na kisukari. Wengi wangekunja jamvi. Yeye alijifunza kujidunga insulini, kupima damu yake mara nyingi kwa siku na kula kwa mpango, kisha akaenda Sydney mwaka wa 2000 akachukua dhahabu ya tano.

Mwingine ni Tim Noakes wa Afrika Kusini, daktari na mkimbiaji wa marathoni nyingi pamoja na zile mbio ndefu za Comrades. Kitabu chake juu ya ukimbiaji, kilichotoka mwaka wa 1985, kiliwafundisha wengi kula wanga kwa wingi. Baba yake alikuwa na kisukari. Na yeye mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kukimbia, akakikuta kisukari kimemngoja nyumbani. Kuanzia 2010 aligeuka, akawaambia wasomaji wairarue ile sehemu ya kitabu chake inayohusu wanga. Akahubiri nyama, mayai na mafuta, akazua mabishano makubwa na madaktari wenzake. Kwa maoni yangu mzee Noakes alitoka ukingo mmoja wa mto akarukia wa pili bila kukanyaga maji. Vijana wa Bonde la Ufa hawakudhurika kwa ugali. Ila jambo moja alilosema ni la kweli: mwenye kisukari katika ukoo wake asidhani viatu vya mbio vitamficha.

Nyongeza ndogo. Mnamo 2016 watafiti wa New Zealand waliwabandika wanariadha kumi vifaa vinavyopima sukari mchana kutwa na usiku kucha, kwa siku sita. Walitarajia pengine kuona sukari ikishuka. Ikawa kinyume chake. Kushuka kulikuwa nadra, na watatu kati ya kumi, asubuhi kabla ya kula, walikuwa tayari katika lile eneo la mpakani. Watu kumi si taifa, na mwanariadha anayekula sana hawezi kukosa kupanda mara kwa mara. Lakini kama watatu hao wangeulizwa siku moja kabla, wangesema hawana haja ya kupimwa, wao ni wanamichezo.

Ubaya wa sukari iliyopanda ni kwamba haiumi. Ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya macho, mtu akaanza kuona ukungu. Huharibu figo. Huua hisia za nyayo, mtu akakanyaga msumari asijue, kidonda kikaoza. Huziba mishipa ya moyo na ya ubongo. Dalili za mapema, kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, uchovu, kupungua uzito bila sababu, mkimbiaji huzisingizia mazoezi. "Nimekimbia sana leo," husema, na kumbe sivyo. Na meno tusiyasahau, ingawa si damu: wanariadha waliochunguzwa meno katika Olimpiki ya London mwaka wa 2012, zaidi ya nusu yao walikutwa na meno yaliyooza.

Nimebakisha la mwenzetu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachoanza utotoni au ujanani bila kosa lake. Katika shule nyingi mwanafunzi kama huyo huambiwa akae kivulini alinde nguo za wenzake. Ni huruma, lakini ni huruma isiyo na elimu. Gary Hall wa Marekani aligunduliwa na kisukari cha aina hiyo mwaka wa 1999, na bado alishinda dhahabu ya kuogelea mita 50 katika Olimpiki ya 2000, akaishinda tena 2004. Mwenzetu huyu anaweza kucheza kandanda, kukimbia mbio za nyika, chochote, mradi daktari wake amempangia na wanaomzunguka wanajua la kufanya.

La kufanya ni hili. Apime kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5, ale kitu kitamu kwanza, gramu 10 hadi 20 za glukosi, na hapa ile pakiti ya nahodha imepata mwenyewe hatimaye. Ikiwa juu ya 15 naye anajisikia vibaya, anatapika au pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, asikimbie hata kidogo, apelekwe hospitali. Uwanjani, mkimuona anatetemeka, anatokwa na jasho baridi, anaongea ovyo au anagombana bila sababu, msimcheke na msimmwagie maji kichwani. Mpeni vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, au soda yenye sukari, mngoje dakika 15, apime tena. Akishapata nafuu ale mkate au mandazi.

Na jioni msidhani yamekwisha. Misuli iliyofanya kazi alasiri huendelea kujaza ghala zake usiku kucha, ikivuta kutoka kwenye kile kijiko kimoja, kwa hivyo sukari yaweza kushuka saa nane za usiku bweni zima likiwa limelala. Siku ya michezo ale kitu kabla ya kulala, na anayelala kitanda cha jirani ajue. Akimsikia anaweweseka, shuka limelowa jasho, amwamshe na kumpa cha utamu. Akiwa haamki, asimtie chochote mdomoni, kitamwingia mapafuni. Amlaze kwa ubavu na kumtuma mtu mbio kwa matroni.